Kiti cha Mdhamini wa Wasegwe

Sitaeleza nilivyofika nchi ya Amanani. Njia ilikuwa ndefu, mimi nililala sehemu kubwa yake, na hakuna msomaji aliyewahi kupata faida kwa kusimuliwa habari za mtu aliyelala. Nianze pale nilipopokelewa, maana kupokelewa ndiyo kazi niliyoisomea.

Naitwa Shekue, mshauri mwelekezi wa mambo ya maridhiano. Wasioijua kazi hii huniuliza ni kazi gani hasa. Ni hivi: pande mbili zikigombana, naitwa nikae katikati, nasikiliza kwa makini huku nikitikisa kichwa, naandika ripoti yenye jalada zuri, kisha upande wenye nguvu unafanya kile ulichokusudia kufanya tangu mwanzo. Nimeifanya miaka ishirini na sita. Upande wenye nguvu haujawahi kunilalamikia hata siku moja, na kwa muda mrefu nililihesabu jambo hilo kuwa sifa.

Asubuhi yangu ya kwanza mjini niliona ofisa mwenye sare akimshika mkono mzee wa ndevu nyeupe na kumvusha barabara. Nikasema moyoni, jamani, nchi yenye adabu hii! Walipofika ng'ambo, ofisa akampangusa mzee pua kwa leso, akamwambia asicheze mbali. Shingoni mwa mzee kulikuwa na kitambulisho kilichoandikwa: NDELWA, MIAKA 78. MTOTO, DARAJA LA KWANZA.

"Huyo ni Msegwe," alinieleza mwenyeji wangu, Bwana Tuheri, Mhifadhi Mkuu wa Amana. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa ale uji. "Wasegwe walikuwepo hapa kabla ya sisi sote. Babu zetu walipofika waliwakuta na misitu, chemchemi, ngoma, kila kitu. Wakaona hatari kubwa. Watu hawa wana mali nyingi, na hawana uzoefu wa watu kama sisi. Wasipolindwa watadhulumiwa."

"Na nani?" nikauliza.

"Na sisi. Ndiyo maana tukajiteua kuwa walinzi wao. Nani anatujua zaidi ya sisi wenyewe? Siri ya mtungi aijuaye kata."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mistari miwili, nikiyaona mazito. Daftari ninalo mpaka leo, na nikiufikia ukurasa ule natamani ardhi ipasuke inimeze.

Sheria ya Amanani inasema Wasegwe wote ni watoto, na serikali ni baba. Mtoto hamiliki, hutunziwa. Bwana Tuheri alinipeleka kwenye Ghala la Amana nione wanavyotunziwa. Ngoma zao zilikuwa zimejazwa pamba ndani zisije zikachoka kwa kulia. Vigoda vyao vilitundikwa juu karibu na dari, visikaliwe. Nikauliza kama wenyewe huja kuviangalia. Bwana Tuheri alishtuka kidogo. Wataalamu, alisema, wamegundua kwamba kitu hupauka kikitazamwa sana na mwenyewe, kwa sababu mwenyewe hutazama kwa uchu.

"Kwa hiyo ninyi mnatazama bila uchu?"

"Sisi hatutazami kabisa. Tunahesabu tu."

Mzee Ndelwa alikuwa ametufuata mpaka mlangoni, mahali ambapo watoto wanaruhusiwa kufika. Bwana Tuheri akanionyesha mzee huyo kwa upendo wa kweli, nasema wa kweli kwa sababu niliuona machoni. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," akasema.

"Mnanilea mwaka wa sabini na nane huu," akajibu Mzee Ndelwa, "na bado sijakua. Labda mbadilishe uji."

Nilicheka. Bwana Tuheri hakucheka. Akaandika kwenye kijitabu kwamba mtoto ana utundu.

Lakini kilichoniteka kuliko vyote ni Meza ya Ridhaa. Ipo katika ukumbi mkuu, ndefu, ina viti viwili. Kiti cha mashariki ni Kiti cha Serikali. Anayekaa hapo huvaa kofia nyeusi, naye huomba kutumia mali ya Wasegwe. Kiti cha magharibi ni Kiti cha Mdhamini. Anayekaa hapo huvaa kofia ya kijani, naye hujibu kwa niaba ya Wasegwe, kwa kuwa watoto hawajibu barua za ofisi. Bila ridhaa ya Mdhamini, serikali haiwezi kung'oa hata jani. Nikasema huu ni ulinzi madhubuti. Ndipo nikaambiwa kwamba vyeo vyote viwili anavyo Bwana Tuheri peke yake, ili kupunguza urasimu.

Kwa hiyo huketi mashariki na kofia nyeusi, huomba kwa unyenyekevu, husimama, huizunguka meza, huvaa kofia ya kijani, hukaa magharibi, huyatafakari maombi yake, kisha hujikubalia. Baadaye hurudi mashariki kujishukuru.

"Hujawahi kujikataa?" nikauliza.

"Mara moja. Ulikuwa mwaka mgumu. Nilijinunia wiki nzima, na mke wangu akadhani nimepata mwanamke mwingine."

Utaratibu huu ulikuwa na wapinzani wake bungeni, na nilibahatika kuusikia mjadala. Upinzani ulilia kwamba Mdhamini anafika kitini mapema mno, akiwa bado na mawazo ya serikali kichwani. Meza irefushwe awe na hatua kumi na tano za kutafakari. Upande wa serikali ukasema nane zinatosha. Wakabishana siku tatu, mmoja akazimia, na mwisho wakaridhiana hatua kumi na moja na nusu. Ile nusu Bwana Tuheri huipiga kwa uangalifu mkubwa, mguu mmoja hewani. Hakuna mbunge aliyesema kiti cha pili akalie mtu mwingine. Nami, mtaalamu mgeni, nilipoombwa maoni, nilishauri meza iwekewe zulia.

Wiki ya ombi kubwa la mwaka, Bwana Tuheri akashikwa na jongo. Mguu ulivimba kama andazi, hata hatua mbili hakuweza, sembuse kumi na moja na nusu. Sheria ililiona jambo hilo zamani: Mdhamini akishindwa kuzunguka, kiti chake kikaliwe na mgeni mwenye sifa njema. Wakanitazama. Nikasema mimi sistahili, nikasema hivyo mara moja tu na kwa sauti ndogo, nisije nikasikika. Kisha nikaijaribu kofia ya kijani mbele ya kioo. Ilinipendeza, sitaficha.

Alasiri ya siku iliyotangulia kikao, nikiwa barazani kwa nyumba ya wageni nakunywa chai na sambusa za serikali, akaja mwanamke wa makamo, mrefu, kitambulisho cha mtoto kinaning'inia kifuani. Jina lake Kisaghe, binti wa yule Mzee Ndelwa.

"Shikamoo, baba," akasema.

Nikaona haya, maana alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka si chini ya mitano. "Dada, usiniamkie hivyo."

"Nakuamkia kwa sheria. Kesho unakaa kwenye kile kiti, basi wewe ni baba. Kwa umri ningekutuma dukani."

Nikamkaribisha chai. Nikamwambia, ili kumfurahisha, kwamba wahenga wamesema mgeni njoo mwenyeji apone.

"Sisi ndio wenyeji," akasema. "Wageni wamekuja, tena wengi, na kupona bado. Sikiliza, baba, sina muda. Unajua kesho wanaomba nini?"

Nilijua. Nilikuwa nimelisoma jalada. Serikali ilikuwa inaomba kuukata Msitu wa Lughoni, mali ya Wasegwe iliyomo katika amana, ipate mbao za kupanua Ghala la Amana, kwa kuwa mali za Wasegwe zilizo katika amana zimekuwa nyingi.

"Kwetu," akasema Kisaghe, "mtoto akizaliwa anachongewa mzinga, unatundikwa Lughoni. Nyuki wakiuingia, ndipo mtoto anapewa jina. Kabla ya hapo hana jina, ni mtu anayepita tu. Msitu umefungwa geti miaka thelathini na mmoja sasa, kwa usalama wake. Nina wajukuu wanne. Wa kwanza ana miaka kumi na tisa, ana ndevu, ananyoa kila Ijumaa, na tunamwita Huyu. Mdogo wake tunamwita Huyu Mwingine. Kuoa hawawezi. Wakifa, kwenye matanga tutalia tukimtaja nani? Mizinga wamechonga wenyewe, ipo uvunguni. Msitu ukikatwa, sisi tutakuwa kabila la watu wasio na majina, na hilo halitachukua miaka mingi."

Nilimwonea huruma. Nalisema ili ijulikane kwamba nilikuwa na moyo. Ulichokosa moyo wangu ni uti wa mgongo.

"Kesho neno ni moja," akaendelea. "Hapana. Halina hata haja ya kufanyiwa mazoezi. Ukilisema kwenye kile kiti, limekwisha, hata wao hawana pa kulipinga."

"Nitaangalia namna ya kulibeba suala lenu," nikamwambia.

"Sijakuomba uangalie, baba. Wanaoangalia tunao wengi."

"Nimekuelewa vizuri sana."

Akaondoka bila kugusa chai. Mimi nikamalizia sambusa zake.

Kikao kilifunguliwa saa nne asubuhi. Maofisa walijaa ukumbini. Wasegwe walisimama nyuma ya kamba, chini ya bango linalosema WATOTO WASIPIGE KELELE. Bwana Tuheri, mguu juu ya mto, aliomba kwa niaba ya serikali kwa maneno matamu mno. Nikasimama kupiga zile hatua za tafakuri, na ile nusu nikaipiga vizuri kuliko mwenyewe, watu wakanong'ona kwa kuvutiwa. Nikaketi magharibi na kofia yangu ya kijani. Nikamwona Kisaghe nyuma ya kamba. Midomo yake ililitamka lile neno bila sauti, kama mtu anayemsaidia mtoto kusoma.

Wallahi nilitaka kulisema. Lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi. Lakini Bwana Tuheri alinitabasamia, na nikakumbuka alivyonikirimu, na mguu wake ulivyokuwa unamuuma, nikaona si vyema kulitoa neno lile kavu kavu, bila utangulizi. Basi nikaanza na shukrani. Kutoka shukrani nikaingia kwenye historia. Nikasema suala hili lina pande nyingi. Nikasema kilio cha Wasegwe ni kizito na kinastahili kuheshimiwa. Nikasema pia kwamba ghala limebanana kweli. Nikasema tusonge mbele kwa pamoja, kwa mashauriano endelevu. Dakika ishirini zilipita, nami nikawa sijui tena sentensi yangu ilianzia wapi.

"Mheshimiwa," akasema karani, kalamu mkononi, "ni ndiyo au ni hapana?"

"Kimsingi..." nikaanza.

Kalamu ikakimbia. Karani akasoma alichoandika: Mdhamini ameridhia kimsingi, kwa masikitiko makubwa. Ukumbi ukapiga makofi. Ofisa mmoja alinishika mkono akasema hajawahi kusikia masikitiko yaliyotolewa kwa ufasaha namna ile. Nami, Mungu anisamehe, nikasema ahsante.

Nilitokea mlango wa nyuma. Kisaghe alikuwa ananingoja pale pale, kumbe alinijua kuliko nilivyojijua. Nikafungua mdomo kuomba radhi.

"Iweke," akasema. "Hotuba nimeshazisikia. Mguu wa Tuheri utapona lini?"

"Wanasema siku mbili tatu."

"Basi mpaka apone wewe ni baba yetu bado, kwa sheria. Mashoka yanaingia msituni kesho mchana. Watoto tunaomba ruhusa ya kuingia kwanza. Kalamu hii hapa."

Nilitaka kusema nitamwuliza Bwana Tuheri. Nilimtazama usoni, sikuthubutu. Hasira yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia zamani akamaliza. Nikaandika alivyoniambia: Mimi, Mdhamini, nawaruhusu watoto wangu Wasegwe kuingia Msitu wa Lughoni.

"Na kutoka?" nikauliza, kwa uzoefu wangu wa nyaraka. "Tuandike mtatoka saa ngapi?"

"Kutoka hatujawahi kunyimwa ruhusa," akasema Kisaghe. "Tia sahihi."

Nikatia. Nilidhani wanakwenda kuiaga miti, labda kulia kidogo, na nikaona ni jambo linalofaa kuandikwa kwenye ripoti, sehemu ya mila na desturi.

Kesho yake nilialikwa kwenda kushuhudia mti wa kwanza ukianguka. Tulikuta Wasegwe wote msituni, wazee na wachanga, na sufuria zao. Wameshapika. Vijana wenye ndevu walikuwa wanapitisha mizinga kwa kamba, na juu kabisa kwenye tawi la mti uliowekewa alama nyeupe alikuwa Mzee Ndelwa, amepanda kwa miguu yake, anafunga mzinga kwa magome na kuimba vibaya.

"Shuka, mtoto!" akaita mkuu wa wakata miti.

"Baba kanipa ruhusa," akajibu mzee. "Mwulizeni baba."

Amanani ni nchi ya sheria, hilo siwezi kuwanyima. Sheria ya Watoto inakataza shoka kuinuliwa mahali alipo mtoto. Walipotaka kuwatoa, wakaonyeshwa karatasi yangu. Sheria ya Ulezi inasema ruhusa ya baba haitanguliwi ila na baba yule yule aliyeitoa, kwa mdomo wake, ndani ya ukumbi. Waliitunga ili Msegwe asije akamchezea baba mmoja dhidi ya mwingine. Haikuwa imewapitia akilini kwamba baba angekuja kuwa mimi.

Jioni Bwana Tuheri aliletwa kwangu juu ya kiti, amebebwa na watu wanne. Hakunifokea, na ingekuwa heri angenifokea. Alisema kwa ile sauti yake ya uji kwamba anajua sikukusudia. Kesho saa saba, alisema, kuna pilau nyumbani kwa Waziri, kwa heshima yangu tu. Baada ya pilau tutapita ukumbini dakika moja, niseme sentensi fupi ya kutangua, halafu nivishwe nishani ya Mlezi Bora. Nani atanilaumu? Ni sentensi ya kusahihisha nyaraka.

"Bila shaka," nilisikia mdomo wangu unasema. "Bila shaka, Mheshimiwa."

Alipoondoka nilikaa kitandani nikajifikiria kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na nilichokiona hakikuwa kingi. Nilijua nikila ile pilau nitasema ile sentensi. Nilijua nikikataa kwenda nitafuatwa, na nikifuatwa nitabembelezwa, na nikibembelezwa nimekwisha. Watu wengine huokoa msitu kwa kujifunga mnyororo kwenye mti. Mimi nilikusanya nguo zangu, nikaacha viatu vya pili kwa haraka, nikatoroka Amanani kabla ya chakula cha mchana kama mdeni. Sijawahi kufanya jambo la ushujaa kuliko hilo, na nililifanya mbio.

Tangu nirudi napokea barua za Bwana Tuheri. Sasa zimefika kumi na saba, za karatasi nzuri, na za mwanzo zilikuwa na harufu ya iliki. Sijafungua hata moja. Ile moja niliyoishika kwenye mwanga kidogo niliona neno "tafadhali", moyo wangu ukalainika hapo hapo, ikabidi nimpe jirani aifiche. Mguu wake nadhani umepona zamani, maskini, lakini mguu wake hausaidii kitu. Anayetakiwa ukumbini ni mimi.

Mwezi uliopita ikaja barua isiyo na muhuri wa serikali. Hiyo niliifungua. Naiweka hapa yote, maana si ndefu.

"Baba, salamu. Sisi hatujatoka. Nyuki wameingia mizinga mingi, lakini nikuambie ya kwangu. Mjukuu wa kwanza sasa anaitwa Maghoti, na ameshapeleka posa. Wa pili ni Sidawe. Wa tatu, msichana, ni Welukombe, na akiitwa haitiki kwanza, anataka aitwe tena alisikie. Katika baba wote tuliopewa, wewe umetufaa kuliko wote kwa kuwa uko mbali. Mzinga wa Huyu wa mwisho bado mtupu. Nyuki wanauzunguka, hawajaamua, na mwaka huu maua yamechelewa. Tumesikia wanakuandikia. Nakuomba, baba, kwa ajili yake: usiwajibu."

Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Nilitaka kumwandikia Kisaghe nimpongeze, nimwombe na radhi, nimweleze na yale niliyokusudia kuyasema siku ile kitini. Nilishaandika hata tarehe. Kisha nikaiweka kalamu chini. Sikumjibu hata yeye, nisije nikazoea.